Mtoto Mmoja wa Mama Cécilia

Picha ilipotokea ukutani, Emilienne alicheka kabla hajajizuia.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika chumba kilichokodiwa na mradi nyuma ya soko la Kasongo. Yves, mkuu wa wabunifu aliyefika kutoka Kinshasa siku mbili kabla, ndiyo kwanza alikuwa amewasha projekta. Ukutani, katikati ya nafasi nyeupe iliyopangwa kwa uangalifu, alitabasamu mwanamke mwenye kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani. Chini yake paliandikwa kwa herufi nene: MAMA NEEMA. Miaka 46. Mkulima. Anapenda kujifunza mambo mapya. Watoto: 1.

"Unacheka nini?" Yves aliuliza.

"Shefu, huyu hapana Neema. Huyu iko mama mudogo wangu. Ni Cécilia wa Lusangi."

Yves aliangalia ukuta, akamwangalia msichana, kisha naye akacheka. "Ah bon! Basi uko na familia mu mradi."

Akaeleza, ingawa Emilienne alikuwa anajua. Timu ya kwanza ilipita Lusangi mwaka uliotangulia, ikahoji wanawake thelathini, ikachanganya majibu yao na kumwumba mwanamke mmoja wa kubuni awawakilishe wote. Wabunifu humwita mtu wa namna hiyo persona. Picha ni ya kumpa uso tu. Kuanzia siku ile kila jambo liliamuliwa mbele ya uso huo: ukubwa wa herufi, rangi ya ikoni, mahali pa kitufe. Je, Mama Neema atakiona? Je, Mama Neema ataelewa?

Emilienne alikuwa na miaka ishirini na minne. Alisomea ubunifu Bukavu kwa jasho la baba yake, akarudi Kasongo na imani moja ambayo wenzake waliicheka: kwamba kitufe kikiwekwa mahali pake, mtu anaweza kupona. Mradi ulimwajiri kwa miezi mitatu atafute maneno ya Kiswahili ya kuweka kwenye skrini, kisha aende kupima kama watumiaji wanaelewa. Daftari lake lilijaa maneno yaliyokatwa na kuandikwa upya. Alipenda zaidi neno mtumiaji. Kila alipoliandika alimwona mtu mzima, mwenye mikono na haraka zake, anayestahili kutopotezewa muda.

Sasa aliuangalia ukuta na kicheko kikaanza kumkauka.

"Shefu, hii namba moja mulitoa wapi?"

"Kwake mwenyewe. Na hapana yeye peke yake. Karibu wote walijibu mumoja, wengine wawili. Hata sisi ilitushangaza, lakini data ni data. Kule Lusangi wanazaa kidogo."

Emilienne alijua ile moja ilitoka wapi.

Kwa watu wa upande ule, mama hahesabu watoto wake mbele ya watu. Hesabu ni ya mbuzi na mifuko ya mpunga. Mtoto akitiwa kwenye hesabu ni kama umemwonyesha kwa kidole, na hujui nani mwingine anaangalia kule kidole kinakoelekea. Kwa hiyo mwanamke akiulizwa ana watoto wangapi hujibu mmoja, hata kama nyuma yake kuna kundi zima linalogombea sahani. Anayeuliza anaelewa, anayejibu anajua ameeleweka, na mazungumzo yanaendelea. Hakuna aliyedanganywa. Ila mgeni mwenye kalamu.

Na mgeni huyu alikuwa ameichukua ile moja akajenga nyumba juu yake.

Programu ya Njia ya Mama ilikuwa rahisi, na Yves alijivunia urahisi wake. Mama akishikwa na uchungu, mjumbe wa afya wa kijiji anafungua simu. Skrini ya kwanza inauliza jina. Ya pili inauliza umri. Ya tatu inauliza mama amekwisha kuzaa watoto wangapi, na pale palikuwa na nyota ndogo nyekundu, maana yake ni sehemu ya lazima: usipoijaza, kitufe cha kuita pikipiki ya wagonjwa hakitokei. Baada ya hapo simu yenyewe inapiga hesabu. Aliyezaa mara tano au zaidi anaweza kuvuja damu nyingi, hivyo anapata rangi nyekundu na pikipiki inaondoka hapo hapo. Anayezaa kwa mara ya kwanza, au aliyezaa mara tatu au nne, anapata manjano, naye anafuata. Aliyezaa mara moja au mbili anapata kijani: asubiri zamu yake, au aanze kutembea polepole kuelekea kituo. Na mafuta yote ya mradi yalikuwa yanatoka kwa amri ya simu. Hakuna rangi, hakuna safari.

Katika nambari zote, moja ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko nyingine yoyote.

"Tuende Lusangi," Emilienne alisema. "Uone kwa macho yako."

"Tunaenda kesho. Bado jaribio moja la watumiaji, halafu Ijumaa ni atelier, kikao cha kupitisha." Yves alizima projekta na Mama Neema akatoweka. "Usiogope, ma fille. Kabla yako wenzetu walipima, wakafaulu kumi na mumoja kwa kumi na mumoja."

*

Zakaria alimbeba Yves, mwenzake akambeba Emilienne. Zakaria alikuwa dereva wa pikipiki aliyeijua njia ya Kabambare kuliko waliowahi kuichora. Kwa miaka mingi wanawake wa Lusangi walimbipu yeye wakibanwa na uchungu, naye aliwabeba hadi kituoni akiwaombea dua shimo baada ya shimo. Sasa mradi ulikuwa umemchukua aendeshe pikipiki ya wagonjwa, yenye kitanda ubavuni na paa la turubai.

Walifika Lusangi wamepakwa tope hadi magotini. Mama Cécilia alikuwa anaanua mihogo kwenye mkeka.

"Karibu, papa, karibu! Na wewe Emi, umekauka hivi? Ku Kasongo hawapike?"

"Wanapika, mama mudogo. Ni kazi."

"Kazi gani inakula mutu na haimulishi?"

Viti vililetwa. Baba Gaston, mjumbe wa afya, alikuja na simu ya mradi ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama kitabu cha sala. Yves aliwasha kamera ndogo, akazungumza kwa sauti ya upole aliyojifunza kwa kazi hii.

"Mama, leo hakuna jibu mubaya. Hatukupimi wewe. Tunapima simu."

"Kumbe simu iko mugonjwa?"

Watu wakaangua kicheko, Yves akiwa wa kwanza. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomsumbua Emilienne baadaye. Angekuwa mkali, kumkasirikia kungekuwa rahisi.

Jaribio likaanza. Gaston alisoma maswali, Mama Cécilia akaonyeshwa ikoni: pikipiki, tumbo, saa. Kabla ya kugusa chochote aliinua macho kidogo. Emilienne alihitaji mara tatu kuona anachofanya. Mama mdogo alikuwa anausoma uso wa mgeni. Nyusi za Yves zikipanda, kidole kilisogea. Zikishuka, kidole kilibonyeza.

"Iko muzuri?" Yves aliuliza.

"Iko muzuri sana, papa. Mungu abariki mikono yenu."

Yves aliweka alama ya vyema kwenye karatasi.

"Mama Cécilia," Gaston akasoma, "umekwisha kuzaa watoto wangapi?"

"Mumoja."

Gaston, aliyesimama kanisani kama baba wa ubatizo wa wawili kati ya watoto wa mama huyu, akabonyeza moja bila kupepesa jicho. Skrini ikawa kijani, kijani kizuri cha majani machanga ambacho Yves alikichagua kwa siku nne.

"Papa Gaston!" Emilienne alishindwa kuvumilia. "Si wewe ndiye parrain wa Plamedi?"

"Ni miye."

"Na juu ya nini unaandika mumoja?"

"Mu formation, kule mulitufundisha, walisema: andika vile mama anasema, usiongeze, usipunguze." Gaston alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosa adabu. "Na hata wasingesema. Nimuhesabie mwenzangu watoto yake mbele ya wageni? Miye sikuzaliwa hapa?"

Uso wa Yves ulibadilika. "Mama, kweli kweli, ni wangapi?"

Mama Cécilia aliacha kutabasamu. Alikunja pembe ya kitenge chake, akasema kwa heshima ile ile, lakini mlango umefungwa: "Papa, sisi hatuhesabu watoto."

Kisha Emilienne akainama mbele ya kiti cha mama yake mdogo. "Na majina, mama mudogo? Majina unaweza kusema?"

"Majina? Majina iko ya kuitwa." Akaanza, kila jina likipewa mkunjo wake kwenye pindo la kitenge. "Déo. Laetitia. Pacifique. Plamedi. Aimée. Élysée." Akashusha sauti. "Faida, ule aliondoka na surua. Na kale kadogo ka mwisho, Magloire, hakakumaliza wiki."

Yves hakuandika kitu.

Laetitia, yule wa pili kutajwa, alikuwa amesimama mlangoni na beseni kiunoni. Tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Mume wake alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzaa mara tano. Safari ya mwisho alivuja damu hadi wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani, ambako Zakaria aliwakuta.

"Na wewe, Laetitia," Emilienne aliuliza. "Wakikuuliza siku ile?"

"Nitasema mumoja. Sasa niseme nini?" Akaweka mkono tumboni. "Na huyu ananisikiliza."

*

Jumatano, baada ya kulala Lusangi, njiani kurudi, daraja la magogo lilikuwa limekatika na wanaume wawili walikuwa wanalifunga upya kwa kamba za mti. Waliteremka kusubiri. Emilienne alikaa juu ya dumu la mafuta, daftari magotini, akachora.

Alichora skrini ya tatu upya. Hakuna namba, hakuna nyota nyekundu. Juu, sentensi moja: Mama, waite watoto wako. Chini, viduara vitupu vilivyopangwa mstari mmoja. Kila jina likitajwa, mjumbe anagusa kiduara kimoja nacho kinajaa. Simu ijihesabie yenyewe, kimya kimya, bila kumwonyesha mtu namba. Pembeni kidogo mstari wa pili wa viduara, kwa wale walioondoka, kwa sababu nao walizaliwa na mwili wa mama unawakumbuka.

Alimpa Yves. Yves aliangalia kwa muda mrefu.

"C'est beau," alisema, na alimaanisha. "Ni wazo safi. Tutaliweka mu toleo la pili."

"Toleo la pili iko lini?"

"Miezi sita. Labda minane. Elewa, muundo umekwisha kufungwa. Wafadhili wameona maketi ya skrini, wamekubali rangi, wamekubali mutiririko. Ijumaa tunapitisha, wiki ijayo inaanza Lusangi. Siwezi kufungua tena kila kitu juu ya kizuizi kimoja cha utamaduni."

"Kizuizi?" Emilienne alisikia masikio yake yakipata moto. "Shefu, mulikuja kwetu. Mukakula muchele ya mama mudogo. Mukachukua picha yake, mukamupa jina lingine, mukaandika anapenda kujifunza mambo mapya. Kitu kimoja tu hamukujifunza ninyi kwake. Na sasa yeye ndiye kizuizi?"

"Sikusema yeye."

"Laetitia atazaa mwezi huu. Atasema mumoja. Simu itamuambia atembee kwa miguu. Yeye atazaa mu toleo gani?"

Zakaria alikuwa amechuchumaa kando, anatoa tope kwenye mnyororo kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

"Shefu, mimi sikusoma," alisema. "Nauliza tu. Hiyo toleo ya pili, ndiyo itabeba maiti ya toleo ya kwanza?"

Mmoja wa wale wa daraja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Yves alifuta miwani yake. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuchoka. "Emilienne, nina mabosi, kama wewe uko nao. Ripoti ya majaribio inasema kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kila mutu aligusa kitufe, kila mutu alifika mwisho. Inabaki sahihi yako, wewe ndiye mupimaji. Bila sahihi hawapitishi. Saini, halafu tupiganie toleo la pili pamoja, ku Kinshasa. Jina lako nimekwisha kulitaja kule."

Hapo ndipo Emilienne alipoelewa kwamba kitu kilichobaki kati ya Laetitia na ile rangi ya kijani kilikuwa mstari mmoja chini ya karatasi, na mstari huo ulikuwa unamngojea yeye.

*

Alhamisi alikaa mbele ya ripoti tangu asubuhi. Ilikuwa imepangwa vizuri: kichwa cha habari, safu mbili, ukingo mpana. Kule Bukavu mwalimu wao alikuwa akiwaambia kwamba nafasi tupu ina kazi yake kwenye ukurasa, kwamba jicho linahitaji pahali pa kupumzika. Emilienne aliutazama mstari wa sahihi. Alifikiria baba yake aliyeuza shamba la michikichi alipe karo. Alifikiria Kinshasa, meza yake mwenyewe, kompyuta isiyozimika kila umeme ukikatika. Alichukua kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake hewani, juu kidogo ya karatasi, akaona jinsi ilivyo rahisi.

Kisha akafikiria kwamba kumi na mbili kwa kumi na mbili ni watu kumi na wawili waliomhurumia mgeni.

Aliufunga mfuko wa kalamu. Aliuacha mstari mtupu.

*

Atelier ilifanyika katika ukumbi wa shule. Palikuwa na kila kitu ambacho atelier hupaswa kuwa nacho: orodha ya mahudhurio inayopita mkono kwa mkono, sukari za rangi, yaani soda za chupa, biskuti, bango jipya la mradi. Mama Esther-Divine, mkunga mkuu, ndiye aliyeongoza kikao, na alitangaza mapema kwamba lazima wamalize kabla ya swala ya Ijumaa, maana nusu ya ukumbi ingeelekea msikitini. Kwa hiyo wote walikuwa na haraka ya kupiga makofi.

Mama Cécilia alikuwa ameletwa na Zakaria akiwa na mfuko wa mchele wa kuuza sokoni. Aliketi nyuma kabisa. Projekta ilipowaka na uso wake ukajaa ukutani, mkubwa kuliko mlango, alisema kwa mnong'ono uliosikika hadi mbele:

"Yesu! Ile hapana miye?"

Watu wakageuka. Kicheko kikapita ukumbini. Yves akakohoa, akaendelea. Alizungumza vizuri. Alionyesha kontrasti ya rangi ili skrini isomeke juani, fonti ya mviringo isiyomtisha mtu, ikoni zilizochorwa kwa mkono. Watu walitikisa vichwa. Alifika ukurasa wa mwisho.

"Majaribio ya watumiaji: kumi na mbili kwa kumi na mbili."

Makofi.

Mama Esther-Divine alishusha miwani kwenye ncha ya pua, akaipekua ripoti. "Sahihi ya mupimaji siioni. Nani alipima?"

Emilienne alisimama. Alikuwa ameandaa hotuba yenye sehemu nne, na sehemu zote nne zikamtoka kichwani.

"Ni mimi, mama. Sitaweka sahihi."

"Juu ya nini?"

Yves alikuwa anamtazama, si kwa hasira, kwa kumsihi. Emilienne aligeuza macho, akamkuta mkunga mkuu, mwanamke aliyezalisha nusu ya mji huu, aliyesoma, mwenye diploma ukutani. Swali likamtoka lenyewe.

"Mama, kwa heshima yote. Wewe uko na watoto wangapi?"

"Mumoja," alijibu Mama Esther-Divine hapo hapo, kama mtu anayejibu salamu.

Kisha kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele, kikagonga bati. Kijana wake wa nne alikuwa ameketi safu ya pili akiwakilisha vijana. Binti yake ndiye aliyekuwa anagawa biskuti. Mkunga mkuu alifunika mdomo kwa mkono, macho yametoka, akaanza kucheka naye. Kisha akaacha. Emilienne aliona kicheko kinavyotoka usoni mwake taratibu, na kitu kingine kinavyoingia.

"Skrini ya tatu," mkunga alisema. "Ile yenye nyota. Unirudishie."

Yves akairudisha.

"Na hapo mutu akisema mumoja?"

"Inakuwa kijani, mama," Emilienne alisema. "Anasubiri. Ao anatembea." Sauti ilikuwa imemrudia, na ilirudi na moto. "Kila mama wa Lusangi atasema mumoja, kama wewe ulivyosema. Mwenye watoto tisa atasema mumoja huku damu inashuka. Papa Gaston ataandika mumoja. Simu itaamini. Sisi wote tunajua, na simu peke yake haijui, kwa sababu hakuna aliyetuuliza, na sisi tulikuwa na adabu, tukasema iko muzuri, iko muzuri sana, tukapiga makofi! Kumi na mbili kwa kumi na mbili! Mimi nilikuwa pale. Walifaulu kumufurahisha mugeni, basi. Hiyo ndiyo tulipima."

"Baba Yves," Mama Esther-Divine alisema, "ya kurekebisha hii unahitaji muda gani?"

"Mu toleo la pili, mama. Miezi sita hivi. Kuna utaratibu..."

Adhana ikapanda juu ya soko na kumkatiza. Viti vikasogea. Mkunga mkuu alikusanya karatasi zake bila haraka.

"Sawa. Wenzetu wanaenda kusali. Sisi wengine tunaenda kula. Tukirudi utuonyeshe. Kama haiko, mimi sipitishi kitu, na hiyo pikipiki irudi kubeba watu kama zamani, bila rangi."

Ukumbi ukawa mtupu. Yves akamnyooshea Emilienne mkono.

"Ile mchoro yako. Ya darajani."

Walifanya kazi bega kwa bega. Yves aliondoa nyota, akaondoa sanduku la namba, akapanga viduara. Emilienne aliandika sentensi, akaikata, akairudisha. Alimwona anavyofanya haraka, kwa ustadi, vidole vyake havisiti popote. Watu walipoanza kurudi kutoka msikitini, wengine bado wana maji kwenye ndevu, skrini ya tatu ilikuwa imekwisha.

Emilienne alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Jambo lililohitaji miezi sita lilikuwa limefanyika ndani ya swala moja.

"Kumbe ilikuwa kazi ya saa moja tu," alisema.

Yves aliendelea kutazama kompyuta. "Kazi ilikuwa kidogo," alijibu. "Niliogopa kuwaambia waliokwisha kukubali kwamba tulikosea."

Emilienne alimwangalia, akaona ni kweli, na hakumsamehe siku ile.

Mama Cécilia aliitwa mbele. Safari hii Emilienne alimgeuza akae kwa upande, asiweze kuona uso wa Yves wala wa mtu mwingine, ila simu tu.

"Mama mudogo, waite watoto wako."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Hatuhesabu. Tunawaita tu."

Akaita. Déo, na kiduara kikajaa. Laetitia. Pacifique. Plamedi. Kwa jina la Aimée skrini yote ikawa nyekundu, na Mama Cécilia akashtuka, akatazama huku na huku kuona nani ameharibu. Hakuna aliyemwambia kitu. Akamwita Élysée. Kisha, kwa sauti ya chini, wale wengine wawili, na mstari wa pili nao ukapata viduara vyake. Wanawake kadhaa ukumbini walikuwa wanasogeza midomo bila sauti, kila mmoja akiita wake.

Emilienne alichukua kalamu. Alikata ile kumi na mbili kwa kumi na mbili, akaandika juu yake mmoja kwa mmoja, tarehe ya leo, kisha sahihi.

Mama Cécilia alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, anajitazama.

"Papa," alimwambia Yves, "kazi mumefanya muzuri. Lakini ule Neema, mumutoe mu uso wangu. Simujui."

Yves akaenda kwenye kompyuta. Akafuta jina, akaandika CÉCILIA. Alipofika kwenye neno watoto alifuta ile moja, kidole kikabaki juu ya kibodi. Akamtazama Emilienne. Kisha akaondoa mkono, akaacha pale mbele ya alama ya nukta mbili pabaki patupu.

*

Siku kumi na mbili baadaye, mchana wa mvua, simu ya Zakaria ililia nyekundu. Hakumaliza bugali yake. Alimkuta Laetitia kwa Gaston, akamfikisha kituoni akiwa tayari ameanza kuvuja, na daktari alikuwa mlangoni kwa sababu rangi ilikuwa imemfikia na yeye.

Emilienne alikwenda kumwona asubuhi iliyofuata. Laetitia alikuwa amelala, midomo mikavu, mtoto wa kike kifuani mwake. Muuguzi kijana, mgeni katika mji, alikuwa anajaza fomu ya karatasi, ile ya zamani, ambayo hakuna aliyewahi kuibadilisha.

"Mama, huyu ni mtoto wako wa ngapi?"

Laetitia alimfunika binti yake sikio kwa kiganja.

"Ni mumoja," alisema.

Muuguzi akainamisha kalamu. Emilienne akavuta kiti, akaketi karibu ya muuguzi, akamwambia asiandike kwanza, aulize majina.